Jina la Tano kwenye Beji ya Wanaanga

Mama yangu,

Shikamoo, na uipokee mara mbili, kwa sababu ile ya wiki iliyopita nilikunyima. Mguu unaendeleaje? Uvimbe wa kifundo umeshuka kweli, au unajikaza tu mbele ya Shabani ili asikupeleke hospitali? Na Rehema huko Bunju kwa wakwe zake wanamwonaje? Mwambie dada yake anasema shughuli zikiisha kuna kupika na kufua, asije akadhani ndoa ni keki kila siku. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeanza na nimeshatoa lile koti unaloliita godoro.

Simu zako nimeziona zote, Mama. Niliandika kwamba kazi zimenizidi na nitapiga nikipata nafasi, lakini kazi hazikunizidi. Nilikuwa naona aibu. Aibu yenyewe haisemeki kwenye simu, maana ningefika nusu tu ungeshaanza kunibembeleza, na mimi sitaki kubembelezwa kabla hujajua nilichofanya. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi kama watu wa zamani. Barua hii anakuja nayo Neema, yule muuguzi wa kwao Segerea ambaye mimi hupika naye ugali siku za Jumapili. Anakuja likizo. Mkaribishe, na asiondoke bila kula.

Isome kwanza wewe peke yako. Ukimaliza, msomee unayemtaka.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu tu, na hilo ni kosa langu, kwa hiyo ngoja nianzie hapo. Nilipokuja huku Ujerumani kulea watoto wa watu na mkataba ukaisha, aliyenichukua ni Bi Ulla, mwenye karakana ya kudarizi. Ni mama mtu mzima, mjane, mfupi kama Shangazi, na miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi aliousokota mwenyewe. Aliniuliza najua nini. Nikamwambia nimekulia kando ya mashine ya kaka yangu Shabani, kule Tandika, tukishona beji za shule. Akanipa kitambaa na uzi. Nilipomaliza hakutazama mbele, aligeuza nyuma akaangalia mafundo, kisha akasema nije Jumatatu.

Tunashona beji za zimamoto, za timu za mpira, hata za kwaya. Lakini kazi inayompa Bi Ulla jina ni beji za wanaanga. Kila kikosi kinachorushwa juu kina beji yake, hushonwa kifuani kwenye mavazi yao, na ya kikosi hiki haifanani na ya kile. Wanaibuni wenyewe pamoja na mchoraji, na wanabishana juu yake kama kamati ya harusi. Majina yao hupita ukingoni, yakizunguka. Katikati huweka kinachowagusa, mmoja mlima wa kwao, mwingine ua alilolipenda bibi yake. Na zile nyota unazoziona, Mama, kama ulivyokwisha kusikia, mara nyingi si pambo. Huwa ni watoto waliowaacha nyumbani, nyota moja kwa kila mtoto. Siku Bi Ulla aliponieleza habari ya nyota machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la nyuzi.

Halafu kuna watu wanaozikusanya. Hawa wangekuchekesha sana. Ni watu wazima, wengine wana wajukuu, na wanajua beji ipi ilipanda kweli angani na ipi ilishonwa ili iuzwe dukani. Mmoja huja kwetu, mzee wa kofia ya sufu, na hainunui beji mpaka ainuse. Watu hawa hukesha wakiisubiri beji ya kikosi kipya, na hapo ndipo penye sharti kubwa la kazi yetu: beji haionyeshwi kwa mtu yeyote mpaka wenye safari waitoe wenyewe, siku yao, mbele ya watu. Kabla ya hapo wanaijua wao, mchoraji na sisi tunaoshona. Bi Ulla alinieleza hilo polepole na kwa kurudia, akihofu sijamwelewa. Nilimwelewa tangu neno la kwanza. Ni mwali. Mwali hatolewi nje kabla ya siku yake, na mimi niliyewekwa ndani na kufundwa na Shangazi sikuhitaji kufundishwa hilo na mtu wa Ulaya.

Basi aliyemtoa mwali nje ni mimi.

Unaikumbuka picha niliyokutumia kabla ya kicheni pati ya Rehema. Beji ya duara, bluu, yenye dunia ndogo chini na nyota juu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoa ya kwanza kwenye mashine, bado ina joto, na ilikuwa imekubali kila mshono. Nilifurahi, lakini nisikufiche, nilikuwa na hasira pia. Uliniambia Mama Tatu jirani anatangaza gengeni kwamba Mwanahamisi huko aliko anaogesha vizee. Kuogesha vizee si aibu, Neema ndiyo kazi yake na anaheshimika kuliko mimi. Lakini maneno yale yalinichoma, nikataka uwe na cha kumjibu. Nikaipiga picha haraka haraka, nikakuandikia kwamba hii nimeshona mimi, wataivaa watu wanaokwenda juu kupita mawingu, na usimwonyeshe mtu.

Sikulaumu hata kidogo. Kwa simu ile iliyopasuka kioo ungeionaje bila kumpa Shabani aikuze? Na Shabani akiona kazi ya uzi mikono inamuwasha. Na kamati ya kicheni pati nayo ilikuwa imekwama kwenye sare, Shangazi wa Kigamboni anataka zambarau, Mama Mdogo anataka njano, na kila mmoja ameshaapa. Mkapatanishwa na picha yangu. Madera ya bluu kwa wote, na beji aliyoinakili Shabani kutoka kwenye picha kifuani, ili Temeke nzima ijue mtoto wenu anashona vya wapi. Ningekuwepo, mkasi ungekuwa mkononi mwangu. Kwetu jambo la heri halinyamaziwi, linashonewa sare, na mimi nililijua hilo tangu nazaliwa. Nilipaswa kulikumbuka kabla sijabonyeza kutuma.

Mlivaa, mkacheza, na mpiga picha wa shughuli akazirusha mtandaoni siku ileile, kama wafanyavyo, na majina ya wanaanga kayaandika chini yake. Hazikukaa sana kabla hazijaonekana. Mmoja wa wale wakusanyaji alikuwa akitafuta majina ya wanaanga wa kikosi hicho, akakutana na akina mama wa Temeke wamevaa beji ambayo dunia ilikuwa haijaiona. Mwanzoni walidhani ni mzaha. Wakabishana weee, huyu anasema ni bandia, yule anasema hapana, tazama ule mpangilio. Mwisho picha ikawafikia wanaanga wenyewe, nao ndio waliojua si mzaha. Wakampigia Bi Ulla.

Asubuhi hiyo nilimkuta amekaa, na Bi Ulla huwa hakai kabla ya saa ya chai. Mashine zilikuwa zimezimwa. Alinivutia kiti, akanisogezea kishikwambi chake, akaniuliza kwa upole kama nawajua watu wale.

Nikatazama. Katikati ulikuwa wewe. Umeinua mikono juu, mdomo wazi kwa kigelegele, dera limekuteleza bega moja, na lile pengo unalolizibaga kwa kiganja kila ukipigwa picha, siku hiyo umelisahau. Nyuma yako Shangazi anacheza na sinia la pilau kichwani. Viti vya plastiki, turubai, mtoto wa mtu analia mguuni pa Mama Mdogo. Miaka mingi sikuwa nimewaona wote pamoja. Nilitamani kuikumbatia ile picha, Mama, na nikafungua kinywa nikasema, "Siwajui."

Naandika tena ili usidhani umekosea kusoma. Niliulizwa kama nakujua, nikasema sikujui.

Nimejiuliza mpaka nimechoka. Naweza kukwambia niliogopa kufukuzwa, na kweli niliogopa. Lakini hofu peke yake haikunifikisha pale. Kwa kitambo kile niliwatazama kwa macho ya watu wa huku. Meza ya Bi Ulla ni nyeupe, mikasi imepangwa kwa ukubwa wake, na watu wake huongea kama wako msikitini. Mimi nikaona pengo, nikaona bega, nikaona kelele ambazo hata picha haitoi. Nikaona haya kwamba ninyi ni wangu. Tulipokuwa wadogo tuliwadanganya wenzetu shuleni kwamba tunakaa Masaki, na wewe uliposikia ulitukalisha mkekani ukatuambia, mkataa kwao ni mtumwa. Nilidhani yale ni maneno ya kutishia watoto. Sasa ndiyo nimejua yalikuwa na maana gani, na nimeyajua mbele ya mgeni.

Bi Ulla hakubisha. Aliweka vidole viwili juu ya kioo, akaikuza picha mpaka ikabaki beji tu kifuani kwako. Wanaanga wale ni wanne na majina yao ni manne. Kwenye beji yako yalikuwa matano. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, huku yale manne yamesukumwa pembeni yakabanana kama watu kwenye benchi la zahanati, Shabani alikuwa ameshona MWANAHAMISI.

"Unasema huwajui," akaniambia. "Wao mbona wanakujua."

Sikuwa na pa kuuweka uso. Nilitazama sakafu, nikatazama mikono yangu, na bado lile jina lilikuwa pale, refu kama ulivyonipa. Yeye akaendelea kutazama. Akaanza kuhesabu nyota kwa ncha ya penseli. Zetu zilikuwa tano, watoto wa wanaanga. Zenu zilikuwa nane. Akaniuliza, bila ukali, hizi tatu za pembeni ni za nani.

"Ni sisi," nikamwambia. "Kaka yangu, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa anaolewa. Na huyo wa katikati ni mama yangu."

Nililia, Mama, na safari hii sikusingizia vumbi. Aliniacha nilie. Kisha akainuka akawapigia wenye beji, nami nimekaa palepale, akawaambia kosa limetoka kwenye karakana yake na yeye ndiye wa kulaumiwa. Hakunitaja. Afadhali angenitaja. Karakana ile aliianza na marehemu mumewe, na katika miaka yote hiyo haijawahi kutoa siri ya mtu.

Unajua wamefanya nini? Wameiacha beji ile. Siku yao ya kuitoa ilikuwa imeshaharibika, kila mkusanyaji ameshaiona tayari, na kwao beji iliyotangulia nje haipandi. Watavaa nyingine, ya mchoraji mwingine. Na ile dunia ndogo ya chini, Mama, yenye bahari iliyopinda vibaya upande mmoja, niliyokuwa nikiishona kwa kicheko, nimeambiwa ilichorwa na mtoto wa mmoja wao. Mama yake alikuwa amemwahidi kwamba mchoro wake utafika juu. Sasa hautafika. Nimemwandikia yule mama kupitia kwa Bi Ulla kumwomba radhi. Hajajibu, na wala si lazima anijibu.

Hakunifukuza. Ila sharti la kazi ni kwamba nembo iliyokataliwa isibaki nzima, isije ikaokotwa. Bi Ulla alinipa mkasi na ndoo. Nilizikata zote kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, nikipita katikati ya ile dunia ya mtoto. Niliposimama kuweka mkasi mahali pake hakukuwa na hata moja nzima. Tangu siku hiyo nimerudi kwenye beji za zimamoto, na ni haki yangu.

Shabani hajui lolote kati ya haya. Kaniandikia juzi, furaha imemjaa: "Sista, mzigo umekubali! Wazungu wamenivamia kwenye simu, wanazitaka beji za akina mama. Kuna mzee mmoja anaitaka hata ile iliyomwagikiwa mchuzi. Nifanyeje, niwape?" Huyo mzee namdhania ni yule wa kofia ya sufu, na akiipata hiyo ya mchuzi atainusa mpaka ashibe. Mwambie Shabani asiuze hata moja. Mchoro ni wa mtoto wa watu, na sisi tumeshamkosea vya kutosha. Na picha ziondolewe mtandaoni, amwombe yule mpiga picha kwa maneno mazuri. Mwambie pia simlaumu, na kwamba ule mshono wake wa herufi Bi Ulla aliusifu. Aligeuza kishikwambi kama anayeweza kuona nyuma yake.

Nilimuuliza Shabani kwa njia ya mzunguko, bila kumwambia kisa, kwamba wazo la kuongeza jina lilikuwa la nani. Akasema lilikuwa lako. Akasema ulipoonyeshwa yale majina ya ukingoni ulimuuliza jina la aliyeshona liko wapi. Alipokujibu kwamba mshonaji haandikwi, ulimwambia, "Mie sivai nguo isiyokuwa na mwanangu." Na alipokueleza habari ya nyota, niliyowahi kumdokezea, ukasema basi na zako ziwekwe, wasije wale wenye roketi wakaona ni wao tu waliozaa. Shabani alikuwa anacheka alipokuwa ananihadithia. Mimi nilikata simu kwa kisingizio cha mtandao, maana sikuweza kusikiliza zaidi.

Siku kadhaa baadaye Bi Ulla aliniuliza unaitwa nani. Nikamwambia Mama Shabani. Akajaribu kulitamka, akalikosea, akajaribu tena mpaka likamkaa. Ana saraka ndefu yenye kila beji iliyowahi kupita mikononi mwao, na ya safari hii hakuiweka, kwa kuwa alifuata sharti. Hakuniomba chochote. Alilitamka jina lako tu, akarudi kwenye mashine yake.

Nisalimie Shangazi wa Kigamboni, umwambie nimemwona na sinia lake na halikuyumba. Nisalimie Mama Mdogo, mtunza hazina wa kamati, na sare yake ya njano aliyonyimwa. Nisalimie wifi yangu, mke wa Shabani, aliyewapindia madera yote yale. Rehema mwambie naiombea nyumba yake, na samahani kwamba siku yake ndiyo niliyoigeuza kesi. Hata Mama Tatu nisalimie. Akitaka kujua nafanya nini huku, mwambie nashona, basi, usiongeze kitu.

Sikuombi unisamehe haraka. Mfanyie Neema ukarimu wako, na barua hii ikae nawe siku zote atakazokuwa huko. Ukikasirika, una haki. Chukua wembe wa Shabani, fumua jina langu taratibu ili usichane dera, uyaache yale manne ya watu waliofanya jambo la kuandikwa. Nitaelewa, na sitauliza tena.

Lakini Neema akija kuaga, Mama, ikiwa baada ya kusoma haya yote bado unanijua, mpe beji moja aniletee. Asiniletee mpya ya kushonwa sasa. Naomba ile uliyoivaa wewe.

Mwanao wa nyota ya katikati,

Mwanahamisi